Anakula kwa Bibi, Analala kwa Mama

Kazi ya siku ile ilikuwa nyepesi kuliko kazi zote za utafiti: kuorodhesha kaya. Hakuna dodoso la kurasa arobaini, hakuna kupima urefu wa watoto, hakuna kumuuliza mtu ameuza magunia mangapi ya mpunga na kwa bei gani. Unapita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji, unauliza jina la mkuu wa kaya na idadi ya watu, unaandika namba kwa chaki juu ya mlango, unasonga. Orodha ikikamilika inapelekwa ofisini, na huko ndiko kaya zitakazohojiwa huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Kijiji kilikuwa Rufiji, msimu ambao mpunga unachanua. Tangu asubuhi tulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, umri wa miaka tisa hivi, aliyetuganda kila tulikokwenda. Shule zilikuwa zimefungwa. Yeye ndiye aliyenishikia chaki. Nikimaliza kuandika mlangoni namrudishia, anaifuta vumbi kwenye kaptura yake, anaibeba mpaka nyumba inayofuata.

Saa tano hivi tukafika kwa bibi mmoja aliyekuwa barazani anapepeta mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu mkeka."

Mwenyekiti akanitambulisha, nami nikaeleza kilichotuleta, kisha nikauliza swali langu: hapa nyumbani wanaishi watu wangapi?

"Leo, au siku zote?"

Mwongozo wangu ulikuwa na jibu la hilo, nikampa: watu wanaokula chungu kimoja. Bibi akaweka ungo chini.

"Chungu changu wanakula wengi, mwanangu. Wanakula watoto wa mwenzangu pale ng'ambo, wanakula wajukuu, na wewe ukikaa kidogo utakula. Sasa nikutajie wote?"

Nikaongeza sharti: wanaokula na kulala hapa. Hapo akaanza kupunguza watu kwa vidole. Mzee wake alikuwa kwa mke mdogo, zamu ilikuwa huko. Mwanawe alikuwa Dar es Salaam, anatuma pesa kwa simu, na bati lililokuwa juu ya vichwa vyetu ni lake. Binti yake mdogo na mkwewe walikuwa shambani kwenye dungu, na kila baada ya siku mbili mtu hutoka huko kuja kuchukua chakula. Kwa asiyelijua bonde la Rufiji, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba, na watu huhamia humo kwa majuma na miezi kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya mwinuko, lakini mashamba hayakuhama. Tangu wakati huo familia nyingi za huko zina mguu mmoja kijijini na mwingine shambani, na mwaka mzima watu huenda na kurudi kati ya hapo na pale.

Waliobaki kwenye vidole vya bibi walikuwa yeye na wajukuu wawili. Nikaandika 3.

Nyumba ya pili kutoka hapo alikuwa binti yake mkubwa, mama wa watoto kadhaa. Kwake sikupoteza muda, nilikwenda moja kwa moja kwenye swali lililokamilika: wanaokula na kulala hapa ni wangapi? Akanitajia, nikaandika, tukaendelea.

Jioni tulipokuwa tunaagana, yule mtoto akanirudishia kipande cha chaki kilichobaki, kama ukucha. Nikamuuliza, kwa kutaka tu kumfurahisha, "Na wewe nimekuandika nyumba gani?"

"Hujaniandika."

Nikafungua orodha. Kweli, hayumo. Alikuwa mjukuu wa bibi wa baraza, mtoto wa yule binti mkubwa. Anakula kwa bibi, analala kwa mama. Bibi hakumtaja kwa sababu halali kwake. Mama hakumtaja kwa sababu hali kwake. Wote wawili walijibu swali langu kwa uaminifu mtupu, neno kwa neno. Mtoto aliyezunguka kijiji kizima na mimi, akaona kila nyumba inavyoandikwa, hakuwemo katika kaya hata moja, na yeye alilijua hilo kabla yangu.

Nikampigia simu msimamizi. Akaniuliza mwongozo unasemaje, nikamsomea. "Basi fuata mwongozo," akasema, na mtandao ukakatika. Nikamwandika kwa bibi. Nitasema ukweli kwa nini: mstari wa bibi ulikuwa na nafasi ya kusahihisha 3 iwe 4, na mstari wa mama ulikuwa umeshafutwa mara mbili, karatasi inakaribia kutoboka.

Chuoni nilifundishwa kwamba nadharia na mbinu ni mambo mawili yanayokaa vyumba tofauti. Kila aliyeandika tasnifu katika vyuo vyetu anaujua mpangilio: sura ya pili mapitio ya maandiko na nadharia, sura ya tatu mbinu za utafiti. Wanasosholojia wakubwa kama Durkheim na Bourdieu unawataja sura ya pili, ukifika sura ya tatu unakokotoa ukubwa wa sampuli, na hao wazee hawaonekani tena mpaka hitimisho. Ninachotaka kukisema hapa, na nimekibeba miaka mingi, ni kwamba katika utafiti wa kaya nadharia iliyo nzito kuliko zote imo ndani ya neno kaya lenyewe. Anayeitumia nadharia hiyo, anayeikata na kuishona upya mara ishirini kwa siku, ni mdadisi aliyesimama mlangoni. Na huyo mdadisi hakuna anayemuuliza alichoamua.

Lichukue neno lenyewe. Pwani ya Kenya, kwa Wamijikenda, kaya ni makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu, mahali pa wazee na matambiko. Misitu hiyo, kama Kaya Kinondo na zile za Rabai, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwa Wasukuma, kaya ni mji mzima wa mtu, wenye nyumba zaidi ya moja na zizi lake. Halafu wakaja watakwimu, wakahitaji neno la kundi dogo la watu wanaopika na kula pamoja chini ya mkuu mmoja, wakalichukua hilo. Sina ugomvi na hatua hiyo, kila lugha hukopa na kupanua. Lakini neno halikuja tupu. Ukimwambia mtu "kaya", kichwani mwake inaweza kuja familia nzima na miti yake, na kwenye fomu yako kuna sanduku la tarakimu mbili.

Fasili ya chungu kimoja inadhani mambo mengi bila kuyasema. Inadhani wanaokula pamoja ndio wanaolala pamoja. Inadhani ndio pia wanaochanga pesa pamoja, na kwamba mtu mmoja kati yao anajua mapato na matumizi ya wote. Mwaka 1981 Gary Becker, mchumi wa Chicago, alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya familia, ambamo mkuu wa familia mwenye huruma anaweza kuwafanya wote waende kama watu wenye lengo moja. Mwaka huohuo Jane Guyer, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wabeti wa Kameruni, aliandika makala akiwaonya wenzake kwamba kipimo hicho cha kaya kinaficha kilekile tunachotaka kukijua Afrika: mume na mke wenye mashamba tofauti, mifuko tofauti, na madeni ya kindugu yanayotoka nje kabisa ya nyumba. Mwaka mmoja, picha mbili. Nimesoma zote mbili kwa makini, na kwa niliyoyaona barazani, naamini Guyer alikuwa karibu zaidi na chungu cha bibi. Lakini karibu kila dodoso nililowahi kubeba liliandikwa kana kwamba Becker ndiye aliyeshinda.

Kuna watu watasema haya ni mambo ya falsafa, namba ni namba. Basi tuingie kwenye namba. Tuseme bibi anapika kilo 2 za mchele kwa siku. Ukigawa kwa watu 3 nilioandika mwanzo, kila mmoja anakula gramu 667 hivi, na hapo bibi ni mtu wa kujiweza. Ukigawa kwa 4, ni gramu 500. Ukiongeza watoto wa mke mwenza wanaopita mchana na chakula kinachobebwa kwenda kwenye dungu, waliokula kile chungu wanaweza kuwa wanane, na sasa ni gramu 250. Chungu hakijabadilika, moto haujabadilika. Kilichobadilika ni mstari niliouchora mimi kwa penseli. Na kwa mama wa mtoto mambo yanakwenda kinyume: ukimwandika mtoto kule, kaya ya mama inapata mdomo mmoja zaidi bila kile chakula ambacho mdomo huo unakula kwingine, na kwenye jedwali mama anaonekana fukara zaidi.

Hili limeshajaribiwa, tena kwa utaratibu mzuri. Nchini Mali, wachumi Lori Beaman na Andrew Dillon waligawa fasili tofauti za kaya kwa bahati nasibu, wakaona ukubwa na muundo wa kaya unabadilika kwa maneno tu. Mtu angedhani kila sharti unaloongeza kwenye fasili linapunguza watu, kama mimi nilivyowapunguza kwa bibi. Wao waliona kwamba maneno ya ziada yaliongeza ukubwa wa kaya. Matokeo hayo yalichapishwa 2012 na mpaka leo nikiyakumbuka huwa nayawaza upya. Maana yake ni kwamba mtu anaposikia neno la ziada hafanyi hesabu ya mantiki. Anapata ukumbusho. Unamwambia "pamoja na wanaolima pamoja", anasema aa, kumbe na yule.

Hapa Tanzania jaribio la namna hiyo lilifanyika kati ya 2007 na 2008, kaya zipatazo 4,000 katika wilaya kadhaa. Mchumi Kathleen Beegle na wenzake walichukua njia 8 tofauti za kuuliza matumizi ya chakula, wakazigawa kwa bahati nasibu: wengine waliulizwa kuhusu siku saba zilizopita, wengine siku kumi na nne, wengine mwezi wa kawaida, wengine wakaachiwa daftari la kuandika kila kinacholiwa. Nchi ileile, vijiji vilevile, majira yaleyale, na viwango vya matumizi vikatofautiana sana kwa sababu ya dodoso peke yake. Ukichora mstari wa umaskini katikati ya hayo, unaweza kuhamisha maelfu ya watu kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila mtu yeyote kupata wala kupoteza shilingi.

Jaribio hilohilo liligusa pia neno ambalo kila mdadisi wa Tanzania limewahi kumtoa jasho: kazi. Muulize mama wa kijijini anafanya kazi gani. "Sina kazi, nalima tu." Hilo "tu" nimelisikia Rufiji, nimelisikia Kilosa, nimelisikia Mbozi. Ameamka saa kumi na moja, amepalilia mpaka jua limepanda, amebeba kuni, na jibu lake ni kwamba hana kazi, kwa kuwa kazi kwa Kiswahili cha wengi ni ile yenye mshahara na bosi. Elena Bardasi, Beegle, Dillon na Pieter Serneels walilinganisha dodoso fupi, lisilo na maswali ya kuchuja kama "je, wiki iliyopita ulikwenda shambani?", na lile refu lenye maswali hayo. Kwa dodoso fupi, wanawake wengi walitoweka kwenye idadi ya wenye ajira. Kisha wakalinganisha kumuuliza mtu mwenyewe na kumuuliza mwenzake wa nyumbani. Hapo wanaume ndio waliopungua, hasa kwa sababu shughuli zao za kilimo hazikutajwa. Wake hawakuwa waongo. Mtu akiondoka alfajiri na jembe begani, si lazima anayebaki ajue alikoishia.

Ongeza na hili. Oktoba 2013, mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi uliofanyika Geneva ulibadilisha fasili ya ajira. Tangu hapo, anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake anahesabika kuwa anafanya kazi, lakini hahesabiki kuwa na ajira. Ipo sababu ya kitaalamu na ninaiheshimu: wanataka kuona nani anahitaji kazi ya kipato. Ila mimi huwaza safari ya lile "tu" la mama wa Kilosa. Miaka mingi tuliwafundisha wadadisi wasilikubali, wachimbe zaidi, wamwandike mama kuwa ni mfanyakazi wa kilimo. Kisha fasili ikageuka, na tukaanza kumuuliza: mazao hayo ni ya kuuza au ya kula? Naye anacheka, kwa sababu mvua ndiyo itakayojibu. Mtu anayelinganisha takwimu za ajira za kabla na baada ya hapo bila kujua habari hii anaweza kuandika makala nzima juu ya wanawake kuacha kazi.

Sensa ina busara yake katika suala la nani ni wa wapi. Inauliza kitu kimoja: nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 usiku huo ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na Watanzania tukahesabiwa 61,741,120. Mtoto wangu wa chaki asingepotea, angehesabiwa kwa mama alikolala. Kwa kujua idadi ya watu, sioni njia bora zaidi. Lakini sensa hiyohiyo inatupa pia wastani wa watu katika kaya, 4.3, kutoka 4.7 ya mwaka 2012, na hapo watu huanza kusema familia za Kitanzania zinasinyaa, undugu unakufa. Taratibu. Kinachoonekana ni kwamba waliolala chini ya mkuu mmoja usiku mmoja ni wachache zaidi kuliko mwanzo. Kama bibi anawalisha wanane au anaishi peke yake na njaa, namba hiyo haijaulizwa na haiwezi kujibu.

Nimekuwa nikimrudia mara kwa mara W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi. Kati ya 1896 na 1897 alipita nyumba kwa nyumba katika Wadi ya Saba ya Philadelphia, walikoishi watu weusi wengi, na kitabu chake kikatoka 1899. Wengi humtaja kwa nadharia zake za rangi. Mimi namtaja kwa fomu zake. Alikuwa na fomu ya familia, ya mtu mmojammoja, ya nyumba, ya mtaa, ya taasisi, na fomu ya pekee kwa watumishi wa ndani wanaoishi kwa waajiri wao. Fikiria dada wa kazi wa Mikocheni, Dar es Salaam: analala kwa bosi, anakula kwa bosi, labda sahani tofauti na saa tofauti, mtoto wake yuko Singida kwa bibi, na mshahara wake ndio unaolipa ada ya shule huko. Kwenye madodoso yetu anaandikwa mwanakaya wa bosi, uhusiano na mkuu wa kaya: mfanyakazi wa ndani. Mapato ya bosi yanagawanywa na kwake, na kwenye jedwali dada yule anatoka tajiri. Du Bois aliliona tatizo hili zaidi ya miaka 120 iliyopita, na aliliona kwa sababu aliyeunda fomu na aliyebisha hodi alikuwa mtu mmoja. Fomu yake ilipogoma mlangoni, mwenye mamlaka ya kuibadilisha alikuwa amesimama pale pale.

Sisi tumetenganisha watu hao wawili. Dodoso linaandikwa sehemu moja, mara nyingi kwa Kiingereza, linatafsiriwa sehemu nyingine, na linabebwa na kijana mwenye mkataba wa miezi miwili na posho ya siku. Mwaka 1966 mwanasosholojia wa Marekani, Julius Roth, aliandika makala juu ya utafiti wa vibarua. Alieleza wasaidizi waliokwepa kuangalia walichotakiwa kuangalia, wakajaza walichodhani. Kwetu tunaita kupika data. Watu wengi wakisoma habari hizo hukimbilia kusema vijana hawana maadili. Roth alikataa njia hiyo. Alisema huyu ni kibarua kama kibarua wa kiwandani: hakushiriki kupanga, hatapata sifa, maoni yake hayatakiwi, kwa nini tutarajie aijali kazi hii kama mwenye mali? Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa nimeshafanya kazi ya udadisi misimu minne, na nilihisi kuna mtu amesema kwa sauti jambo ambalo sisi tulikuwa tunanong'onezana nyuma ya gari la utafiti.

Dawa iliyoletwa baadaye ni vishikwambi. Siku hizi kila dodoso lina saa ya kuanza na kumaliza, lina mahali ulipo kwa setilaiti, tafiti nyingine hurekodi sauti vipande vipande bila kukuambia lini. Inasaidia, siwezi kubisha. Kupika data chini ya mwembe kumekuwa kugumu. Lakini kishikwambi kinajua nilikaa kwa bibi dakika ngapi, hakijui mtoto nimemwandika wapi na kwa nini. Tena kimeleta ugumu mpya. Kwenye karatasi niliweza kuandika pembeni "anakula hapa, analala kwa mama". Kishikwambi hakina pembeni. Kinataka ndiyo au hapana ndipo kikuruhusu kwenda swali linalofuata, na mdadisi anayechoka jua la saa nane hujifunza haraka jibu gani linafungua maswali machache.

Tanzania ilikuwa na historia ya kufikiri tofauti juu ya jambo hili, na inaniuma kwamba wanafunzi wetu wengi hawaijui. Miaka ya 1970 Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alisukuma utafiti ambao wanakijiji wenyewe wanashiriki kuuliza na kutafsiri majibu. Mradi wa Jipemoyo, uliowaunganisha watafiti wa Tanzania na Finland, ulifanyika Bagamoyo kwa mtindo huo. Budd Hall naye, aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima Dar es Salaam, alitoka hapa na wazo la utafiti shirikishi na kulitangaza duniani. Leo neno shirikishi limechakaa, limekuwa la kupamba maandiko ya kuombea fedha, lakini lilipozaliwa lilikuwa na maana nzito: anayeulizwa ana haki ya kulisahihisha swali. Sidai kwamba tuache tafiti za kitaifa tukakae vijijini miaka miwili miwili. Nchi inahitaji namba, tena nyingi. Nadai kwamba bibi alilisahihisha swali langu mara mbili ndani ya dakika tano, na hakuna mahali popote katika mfumo mzima pa kupokea masahihisho yake.

Sasa hivi mimi ndiye ninayefundisha wadadisi, na ninayo mambo mawili ambayo siyaachi hata muda ukiwa mfupi. La kwanza, kabla dodoso halijatoka, kila mdadisi anakwenda kwa mtu mmoja mtaani, anamsomea swali, halafu hamwombi jibu. Anamwomba alieleze swali hilo kwa maneno yake mwenyewe. Hapo ndipo utagundua kwamba "mara ngapi kwa mwezi" imesikika "mwezi unapoandama", na kwamba ngazi tano za "nakubaliana sana" mpaka "sikubaliani kabisa" zimegeuka kuwa mbili, kwa sababu mbele ya mgeni aliyekuja na barua ya mtendaji mtu mstaarabu hakatai sana.

La pili ni daftari. Dogo, la kuwekwa mfukoni, moja kwa kila mdadisi. Kila ulipolazimika kuamua jambo ambalo mwongozo haukulitosheleza, andika mistari miwili: ulikutana na nini, uliamua nini. Jioni tunasomeana. Ilichukua muda vijana kuamini kwamba sitawakata posho kwa walichoandika. Wengine wanaandika jina la kitongoji tu na kuishia hapo. Lakini katika mafunzo ya mwisho dada mmoja alisimama akasoma habari ya nyumba ya vyumba sita, Temeke, wapangaji sita, jiko moja la gesi walilonunua kwa kuchanga. Kila mmoja anapika kwa zamu kwa ajili ya wote, kila mmoja ana mlango wake na kufuli lake. Aliandika kaya sita. Kijana aliyekaa nyuma akasema yeye angeandika moja. Wakabishana nusu saa juu ya nini kinamfanya mtu kuwa wa mwenzake, kulala au kula au kuchanga, na sikuwakatiza. Nilikuwa nasikiliza mjadala wa nadharia ya jamii ulio bora kuliko mingi niliyoisikia kwenye kumbi za semina, na uliendeshwa na watu ambao majina yao hayatatokea kwenye ripoti.

Madaftari yale nayapeleka kwa wachambuzi pamoja na data. Wengine huyarudisha bila kuyafungua. Mmoja alinipigia simu usiku kuniuliza kuhusu ile nyumba ya Temeke, tukazungumza mpaka salio lake likaisha.

Nakala ya orodha ya Rufiji bado ninayo. Karatasi imekuwa ya njano, penseli imefifia, lakini mstari wa bibi unasomeka: jina la mkuu wa kaya, namba ya chaki, kisha 3 iliyofutwa na 4 pembeni yake. Kwenye mstari wa mama, nyumba ya pili, kuna alama ya kidole chenye vumbi jeupe, kidogo kuliko changu.